Chetezo Kilichowaruka Wawili

Jamani, nyinyi mnaoishi mbali na kwenu, kaeni niwasimulie habari ya Bi Masuda, aliyekuwa na duka la udi katika kichochoro cha Al Rigga, huku Uarabuni, mwaka 2016.

Alasiri za duka lile zilikuwa kama usingizi mtamu. Nje jua linachoma magari. Ndani moshi unapanda taratibu, unaizunguka taa, na wanawake kwenye mikeka wanapunguza sauti bila kuambiwa. Walileta nguo za harusi na za Idi zifukizwe, na Rumaisa, binti wa Bi Masuda, akawapaka hina. Kulikuwa na desturi moja aliyoirithi Bi Masuda kwa mama yake Unguja. Kabla ya kazi kuanza, chetezo hupitishwa mkono kwa mkono, kila aliyeketi ajifukize. Kumruka mtu ni kumwambia mbele ya wenzake kwamba hatakiwi.

Bi Masuda alikuwa na hofu moja tu. Rumaisa aliwahi kumwambia, kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sitaolewa. Moyo wangu hauko kwa wanaume." Bi Masuda alijitia hamnazo, akaagiza kahawa, na neno lile halikurudiwa. Lakini tangu siku hiyo alimwangalia mwanawe kama mtu anayeangalia glasi iliyo ukingoni mwa meza.

Ijumaa moja wakaingia Tufaha wa Mombasa, mpokea wageni katika hoteli ya mtaa ule, na Harriet wa Kampala, aliyefanya kazi kwenye dobi ya hoteli hiyo hiyo. Walikuwa wateja wa siku nyingi.

"Tufukizie hizi gauni mbili, Bi Masuda," alisema Tufaha. "Na Rumaisa atuchoree ua moja, nusu mkono wangu, nusu wa Harriet. Tukishikana, likamilike."

Rumaisa alielewa. Aliinama akaanza na mkono wa Harriet, na uso ukamng'aa kwa namna ambayo mama yake hakuwa ameiona tangu binti yule alipokuwa mtoto. Bi Masuda aliuona uso ule, roho ikamruka. Chetezo kilikuwa mkononi mwake. Akakipitisha juu ya mapaja ya wale wawili, akampa Ikhlas, mteja aliyeketi kando yao, ambaye mumewe alikuwa msimamizi katika hoteli ile ile.

Ikhlas alikipokea, macho yake kwa wale wawili.

"Bi Masuda, tumekukosea nini?" aliuliza Harriet.

"Mimi sihudumii watu wa namna yenu. Chukueni gauni zenu. Khalas!"

Harriet alinyanyuka na nusu ya ua, hina mbichi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tufaha alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Ungeniita kando, mamangu. Si mbele ya watu. Sasa twafanyaje?"

Najua mtaniuliza, kwani duka si lake? Hana haki ya kuchagua mteja? Subirini kidogo.

Ikhlas alimweleza mumewe usiku ule ule, naye akalifikisha kwa wakubwa wa hoteli. Kabla ya Ramadhani wote wawili wakafutiwa viza, wakapandishwa ndege, mmoja Mombasa, mwingine Entebbe. Ikhlas ndiye aliyeileta habari dukani, huku akitafuna kashata. Rumaisa aliweka chini koni ya hina.

Wageni walipoondoka, binti alisema, "Mama, wewe ulikuwa unajua nilivyo."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu. Wallahi, nilikuwa nakulinda."

"Nilikuwa nimekaa pale pale, mama. Kile chetezo kiliniruka na mimi."

Rumaisa alipata kazi Muscat, akaenda. Kila Idi hupiga simu, huuliza hali ya magoti ya mama yake, kisha huaga. Mengine hayasemi, na Bi Masuda haulizi, kwa sababu anaona aibu.

Siku hizi alasiri hufunga duka mapema. Huzitoa nguo alizoziacha Rumaisa kabatini, akazifukiza moja moja. Moshi unapanda, macho yanamlegea, na katikati ya usingizi na kuamka huwaona wasichana watatu wameketi mkekani. Huwanyooshea chetezo. Hakuna mkono unaokipokea.

MAFUNZO

Sikuja kutoa fatwa, masheikh wapo. Nami sijui yote yaliyo mioyoni mwa watu. Lakini mwenye duka akimfukuza mteja kwa vile alivyo, asidhani amefunga mlango wake tu. Huku ugenini tunakoishi kwa viza, neno moja la dukani linaweza kumtoa mtu nchini. Aliyekuja kununua udi, muuzie udi, umuage kwa heshima.

Tena usisahau kwamba kuna anayekusikiliza pale pale ulipo. Ikiwa yupo nyumbani kwako mtu ambaye ulijitia hamnazo siku aliyokufungulia moyo, mpelekee chetezo leo, kabla hajafunga begi.