Wajumbe wa Kinamasini

Maziwa ndiyo yaliyomtoa Tegwen ukumbini jioni ile.

Baraza la Madruidi, watu wa dini ya kale ya misitu na mito, lilikuwa linakutana katika ukumbi wa kijiji cha Wawelishi cha Llanerwen, kando ya kinamasi, na watu waliotoka mbali, huyu Cornwall, yule Scotland, hawawezi kuanza kugombana bila chai. Birika limechemka. Maziwa yameganda.

"Dada, kimbia dukani," alisema mdogo wake, Emrys, akivaa kanzu nyeupe juu ya sweta. "Na biskuti usisahau. Hedley akikosa biskuti hupinga kila kitu."

"Na akipinga yeye peke yake, tunalala hapa hapa."

Wakacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baraza lile halikuwa na mkubwa. Jumuiya saba, kila moja sauti moja, yenye watu elfu sawa na yenye watu wanane. Uenyekiti ulizunguka. Neno halikupita mpaka wote wakubali. Mmoja tu akisema "sikubali," neno hulala hadi mkutano mwingine. Tegwen alikuwa sauti ya Jumuiya ya Mto, ile ya watu wanane, na wanakijiji walimtania kwamba yeye ni mbunge wa bata.

Alinunua maziwa, akanunua biskuti, akarudi kwa njia ya mkato. Novemba jua halina subira. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kinamasini, na pamoja nao harufu... ya majani yaliyooza, ya ngozi mbichi, ya maji yaliyofungiwa miaka mingi.

Mtu alikuwa amesimama kando ya njia.

Alikuwa mwembamba, mweusi wa tope kuanzia magotini kwenda chini. Uso haukuonekana vizuri.

"Baraza limefunguliwa?" aliuliza. Alisema taratibu, kama mtu mwenye maji mdomoni.

"Bado," Tegwen alijibu. "Tunasubiri maziwa."

"Swali la amani?"

"Halijaulizwa bado."

Mtu yule akasogea hatua moja. Kisha, kwa adabu kabisa: "Naruhusiwa kuingia?"

Tegwen akadhani ni mjumbe aliyepotea njia, gari lake limezama tope. "Mlango wetu uko wazi kwa kila mtu, ndugu yangu. Karibu."

"Umesema wewe."

Akatangulia. Nyuma yake alisikia nyayo... chwa... chwa... chwa... Alipogeuka ili amsemeshe, njia ilikuwa tupu. Na nyayo hazikukoma.

Alifika ukumbini anahema, akafunga mlango, akajicheka. Hakumwambia mtu.

Viti vilikuwa vimepangwa duara. Hedley Trask, mwenyekiti wa siku hiyo, mtu mnene wa Cornwall mwenye sauti ya kengele, alishika fimbo ya uenyekiti na kusimama. Kabla ya jambo lolote ilikuwa lazima aulize pande nne za dunia, na kila upande una mlinzi wa kujibu. Emrys alilinda magharibi, mgongo wake ukielekea dirisha la kinamasini.

"Mashariki, kuna amani?"

"Ipo."

"Kusini, kuna amani?"

"Ipo."

"Magharibi, kuna amani?"

Emrys akafungua mdomo.

"Hakuna."

Mdomo wa Emrys ulikuwa bado wazi. Haukuwa umetoa neno.

Taa zikafifia. Mtu akaangusha kikombe.

"Ni... ni upepo," Hedley akanong'ona.

"Upepo hausemi Kiwelishi, Hedley." Aliyesema ni Mzee Idwal, mkongwe kuliko wote pale. "Aliyesema hakuna amani asikilizwe kwanza. Ndiyo sheria. Muulize."

Hedley akaielekeza fimbo dirishani. "Una... mna malalamiko gani?"

Ile harufu ikajaa ukumbini.

"Mlitutuma."

Zilikuwa sauti nyingi zikisema kwa mdomo mmoja, nyuma kabisa ya kiti cha Emrys.

"Mlitutuma chini, tukaulize. Tumerudi na jibu. Hatukukuta mtu."

"Tuliwatuma mkaulize nini?"

"Kama sisi tuliotumwa tunatosha."

Maji meusi yakaanza kupenya kwenye mbao za sakafu, chini ya kiti cha Emrys. Hakuna aliyetaka kuuliza lililofuata. Lakini fimbo ilikuwa mkononi mwa Hedley, na mwenye fimbo hana pa kujificha.

"Na... jibu?"

"Hatutoshi."

Mwanamke mmoja akaanza kulia kimyakimya.

"Tunaomba mmoja."

"Nipo," alisema Emrys.

Aliitika kama mtoto aliyeitwa na mama yake kutoka jikoni. Uso wake ulikuwa mtulivu. Hilo ndilo lililomtia Tegwen baridi ya mifupa: utulivu ule.

Hedley, kwa hofu au kwa mazoea tu, akatamka maneno ya kila mkutano: "Je, Baraza linakubali?"

"Nakubali," yule mwanamke akalia. "Nakubali, waondoke tu!"

"Nakubali," alisema jirani yake, macho chini.

Likazunguka duara. Nakubali. Nakubali. Hata Mzee Idwal alilitamka huku amefumba macho. Hedley naye akakubali. Wote sita.

Wakamtazama Tegwen.

"Sikubali!" alipiga kelele. "Mmerukwa na akili? Huyu ni mdogo wangu! Sikubali!"

Taa zikarudi. Nje ya dirisha, kitu kizito kikajiburuta kwenye majani, kikaenda zake.

Neno likalala hadi mkutano wa Februari.

Mzee Idwal alimfuata nje, kwenye magari. "Babu yangu alinisimulia," alisema, bila kumtazama usoni. "Zamani, njaa ikiingia na Baraza likishindwa kuelewana, walimtuma mjumbe. Kinamasini. Azame, akaulize walioko chini."

"Wakamsubiri arudi?"

"Usiku mmoja. Kisha waliendelea na mambo yao."

"Na mliwalazimisha watu..."

"Hakuna aliyelazimishwa, mwanangu. Sheria ilikuwa hiyo hiyo. Wote walikubali." Akafuta pua kwa mkono wa kanzu. "Sisi siku zote tulidhani imewekwa kumlinda mnyonge."

Majira yale ya baridi Emrys alihamia kwa dada yake. Tegwen ndiye aliyemlazimisha. Emrys alikula, alilala, alitania. Lakini kila asubuhi viatu vyake vilikuwa vimelowa, na milango yote imefungwa kwa ndani.

"Wamechoka, Dada," alimwambia siku moja, akipaka siagi kwenye mkate. "Fikiria kubeba jibu miaka yote hiyo, huna wa kumpa."

"Nyamaza ule."

"Mimi siogopi."

"Najua. Ndiyo maana naogopa mimi."

Kisha simu zikaanza. Yule mwanamke aliyelia: maji yalikuwa yanapanda kwenye ngazi za nyumba yake, na haikuwa imenyesha. Mwingine: watoto wake wameanza kuongea usingizini, wote wawili, maneno yale yale. Mwisho akapiga Hedley. Kengele ya sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Wako jikoni kwangu, Tegwen. Wamekaa tu. Hawafanyi kitu, wamekaa wananitazama... Bibi wee, tuhurumie. Mwenyewe Emrys anataka. Wengi wape."

"Wape wa kwako," alisema Tegwen, akakata simu.

Siku moja kabla ya mkutano aliamka hana sauti.

Hakuwa na homa wala kikohozi. Alifungua mdomo amwite Emrys aje anywe chai, pakatoka hewa. Akanywa asali na maji ya moto. Hewa. Akasimama mbele ya kioo akajaribu kusema neno lile moja, neno alilolihitaji kesho yake, mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba.

Hewa tu.

Jua lilipoanza kuzama alimfungia Emrys chumbani kwake ghorofani, ufunguo akautia kifuani. Emrys hakubisha. Alimbusu dada yake kwenye paji la uso. Midomo yake ilikuwa baridi. Tegwen akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango.

Harufu ilitangulia.

Kisha, ndani ya chumba, Emrys akaanza kuongea. Polepole, kwa heshima, kama mtu anayewakaribisha wageni. Na wageni wakajibu.

"Nakubali."

Ilikuwa sauti ya yule mwanamke.

"Nakubali." Mzee Idwal.

"Nakubali." Hedley.

Tegwen akageuka, akapiga mlango kwa ngumi. Akatafuta ufunguo, ukamponyoka, akapapasa gizani. Ndani pakawa kimya, kimya cha watu wanaomngoja mmoja aliyebaki.

"Nakubali."

Aliijua sauti ile. Alikuwa ameishi nayo maisha yake yote.

Ilikuwa yake.

Alipofungua mlango dirisha lilikuwa limefungwa, kitanda kimetandikwa. Sakafu ilikuwa imelowa kutoka ukuta hadi ukuta, na tope limejaa alama za miguu mitupu, mingi, ya wakubwa kwa wadogo. Emrys hakuwepo. Polisi walikuja na mbwa. Mbwa walifika ukingo wa kinamasi wakalala chini, wakakataa kuinuka.

Kesho yake Tegwen aliingia ukumbini Baraza likiwa limekwishaketi. Walionekana wamelala vizuri. Yule mwanamke alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Hedley aliinuka akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, dada. Na asante."

Tegwen akachomoa kalamu, akaandika nyuma ya kijikaratasi cha duka, akampa. *Mimi sikusema kitu.*

Hedley akasoma, akampa Mzee Idwal. Mzee akasoma, akageuzia uso dirishani.

"Lakini ulitupigia simu jana jioni, mmoja mmoja," Hedley akasema kwa upole, kama anayesema na mgonjwa. "Tulikusikia sote, Tegwen."

Tegwen akanyoosha mkono adai karatasi aandike tena. Hakuna aliyempa. Hedley akaishika fimbo, akatazama duara lote, akakohoa.

"Basi, tuendelee."

Hoja iliyofuata ilikuwa ya maegesho ya magari wakati wa sikukuu ya kiangazi.