Joto la Mapumziko

Kompyuta ile haikuwa na kazi yoyote, lakini joto lake lilizidi kupanda.

Ragnhild aligonga kipimajoto kwa ukucha. Karakana yao pale Alta, kaskazini mwa Norwe, ilitengeneza kompyuta za kushika breki za lifti za mlimani, na yeye ndiye aliyeandika ratiba: kila kazi iishe kabla ya muda wake kupita, kisha prosesa, ubongo wa kompyuta, ipumzike, ipoe, isile umeme bure. Sasa ikipewa kazi, inapoa. Ikipumzishwa, inachemka.

"Ratiba imekushinda, dada," Torstein, fundi mwenzake, alimtania, huku akitafuna mkate wa jibini ya kahawia.

"Njoo unuse. Kama nywele zinaungua."

Torstein alinusa, akaacha kutafuna. Ragnhild akachomoa waya wa umeme. Feni ikasimama, taa ikazimika, na katika ukimya ule wakasikia pumzi, nzito, za taratibu, kama za mtu aliyejilaza kwenye kitanda kisicho chake na hana nia ya kuondoka, na kipimajoto kikaendelea kupanda, na rangi ya kasha la kompyuta ikaanza kuvimba, na jua la kiangazi lisilozama likawa limejaa dirishani kana kwamba mchana kweupe hauwezi kuleta baya.

"Toka humu!" Torstein alifoka, akalishika kasha alitupe nje. Akapiga yowe. Kiganja kilibaki cheupe, bila lengelenge hata moja.

Walimwita Berit Oline, mama wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini, ambaye watu wa pwani humpigia simu hata wakiwa hospitali, awatulizie majeraha ya moto kwa maneno. Hakusalimia. Aliinama, akanong'ona, akapuliza mara moja. Kasha likalia kama barafu inayopasuka, likapoa.

"Hilo dude limetoka?" Ragnhild aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jini la moto linahama tu, mwanangu. Linatafuta kilichopumzika, likae humo." Berit aligeuka ghafla. "Mwenzako yuko wapi?"

Torstein alikuwa kitini, maumivu yamemchosha, kope zinamshuka.

"We Torstein! Usilale! Nitazame!"

"Kidogo tu, dada..."

Macho yakajifumba. Ragnhild alimshika mabega amtikise, akamwachia upesi. Shati lilikuwa linafuka moshi.

Berit akapuliza. Akapuliza tena, kwa nguvu zake zote.

Moshi haukuyumba.