Bamba la Upande wa Kushoto

Kila Jumamosi, nikishamaliza kuosha vyombo, huenda kumsaidia baba kwenye gereji yake hapa Kasulu mjini. Baba yangu, Mzee Hatungimana, ni fundi wa kuchomelea. Mimi, Claudine, nina miaka kumi na mitatu, nami ni mtu wa haraka haraka. Mama amenisema mpaka amechoka.

Jumamosi ile Bwana Mudathiri, muuza vitambaa wa sokoni, alileta gari lake dogo jekundu la zamani, la viti viwili, lisilo na paa. Kesho yake lingempeleka binti yake, Safina, kwa mumewe Kibondo. Baba alitaka kufunga tao la chuma nyuma ya viti.

"Binti yangu si kuku wa kubebwa kwenye tenga," Bwana Mudathiri alikataa. "Hicho chuma kitaharibu uzuri wa gari."

"Bwana Mudathiri, gari hili halina paa," baba alijibu. "Likipinduka kwenye zile kona, vichwa ndivyo vitakavyotangulia kugonga barabara. Hili tao litabeba uzito wa gari, na Safina atabaki kwenye kiti akiwa amefunga mkanda."

Walibishana mpaka Safina mwenyewe akaingilia kati. "Baba, mwache fundi aliweke. Mimi nitalifunga maua, watu wataona ni pambo."

Kazi ikaanza. Kila mguu wa tao ulipitishiwa bolti kwenye sakafu ya gari, na chini ya sakafu likawekwa bamba nene la chuma ili bolti zisichane bati. Tuliliinua gari kwa magogo, lakini kifua cha baba hakikupita uvunguni. Nikaingia mimi.

Bamba la kulia lilikaa vizuri. La kushoto liligoma, bomba la moshi lilikuwa limelizuia. Ilibidi likatwe kidogo kwa grinda. Lakini rafiki yangu Maximilla alikuwa mlangoni akiniita twende mazoezi ya kwaya, na nilikuwa nimeshachelewa. Nikalisukuma bamba pembeni, mahali pake nikaweka washa ndogo, kile kipete chembamba cha chuma, nikakaza nati.

"Bamba limekaa?" baba aliuliza kutoka juu.

"Ego, Data," nikamjibu kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo, baba.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilijidanganya kwamba barabara ni ya lami na dereva ni mtu mzima.

Asubuhi tulikwenda kwa Bwana Mudathiri. Watu walikuwa wamejaa, vigelegele kila upande. Safina alikuwa ameshakaa garini, tao limefungwa maua meupe. Aliegemeza mkono kwenye mguu wa kushoto wa tao, akanitabasamulia.

"Fundi, una hakika?" Bwana Mudathiri aliuliza mbele ya watu wote.

"Nina hakika," baba alisema. "Mabamba yote mawili yapo. Mwanangu aliyafunga kwa mikono yake."

Dereva akawasha gari. Nikatazama uso wa baba, jinsi alivyonijivunia, nikajua nikisema namwaibisha, na nisiposema huenda nikamuua Safina. Nikaenda kusimama mbele ya gari.

"Zima," nikasema. "Bamba la kushoto halipo. Nilimdanganya baba."

Vigelegele vikakatika. Shangazi yake Safina akanung'unika, "Katoto haka kanataka kutuharibia harusi." Baba alimwomba Safina ashuke, akafunua zulia, akalishika tao kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu. Sakafu ya kushoto ikalia, bati likachanika, na bolti ikang'oka na washa yake. Yule shangazi akajifunika mdomo kwa kanga.

"Nisamehe, Bwana Mudathiri," baba alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuhakikishia kitu ambacho sikukikagua."

Safari ilichelewa kwa saa tatu. Tulirudisha gari gereji, baba akachomelea lile bati lililochanika, akakata bamba, nami nikaingia tena uvunguni huku machozi yakichanganyika na vumbi. Mara hii, nilipomaliza kukaza, aliniambia nitoke, akalala chini akiwa na tochi na kioo, akaangalia kila nati. Kisha yeye na wanaume wawili wakalivuta tao. Halikutikisika.

Alasiri Bwana Mudathiri alipiga simu kwamba wamefika Kibondo salama. Nilidhani sasa baba atanichapa. Badala yake alinikalisha kwenye benchi la gereji.

"Sikia, mwanangu. Tao lisilo na bamba ni baya kuliko kukosa tao, kwa sababu Safina angeliamini. Neno lako jana lilikuwa hivyo hivyo. Nililiamini, nikalisema mbele ya watu kama langu. Bamba likikushinda, niambie limekushinda, tutalikata pamoja. Hakuna fundi asiyeshindwa. Lakini ukificha, kuna mtu ataegemea pale ulipoficha."

Nikalia tena. Baba akaniacha nilie, kisha akanipa fagio, tukafagia gereji pamoja.