Miaka Ishirini na Mmoja ya Bontu

Uvumi ule ulimfuata Dinknesh kutoka mashine ya kusaga ya Bekoji mpaka nyumbani. Wanawake kwenye foleni ya kusagisha nafaka ya tefu walinong'ona kwamba Bontu, mtoto wa jirani yake, ana miaka ishirini na mmoja.

"Kompyuta ya shule imemuumbua," alisema mmoja. "Ndiyo maana anawaacha wenzake kama wamesimama! Mashindano ya watoto yanamhusu nini?"

Dinknesh alimjua Bontu tangu akibebwa mgongoni. Alizaliwa msimu mmoja na Lelise, binti yake mwenyewe. Na programu ya kuandikisha wakimbiaji ilitungwa na Lelise huyo huyo.

Alimkuta Lelise akipuliza makaa ya kahawa.

"Bontu ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu, kama mimi."

"Basi mbona kompyuta imemzeesha?"

Lelise hakuinua macho. "Imekosea tu, mama."

"Kwani ilijitungia programu yenyewe?"

Makaa yalishika, na bado Lelise akapuliza. Hatimaye akasema, "Niliiambia ikague mwaka wa kuzaliwa. Ukiandika herufi, inakataa. Tarakimu mbili, inakataa. Zikiwa nne, inapita. Bontu kaandika 2004."

"Si ndio mwaka wenu?"

"Kwa kalenda yetu, ndio. Programu inahesabu kwa kalenda ya Ulaya, iliyotutangulia miaka saba, minane. Wengine waliandikwa na Mwalimu Tolosa kwa kalenda hiyo. Bontu alijiandika mwenyewe. Nimelijua hilo tangu juzi."

"Ukanyamaza?"

"Shule nzima ilinipigia makofi, mama. Ningeanzia wapi?"

"Mwenzako anaitwa mwongo, mazoezini haendi, na mashindano ni Jumamosi! Vaa viatu."

Mwalimu Tolosa aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti kando ya kompyuta. Lelise akaanza upya. Sasa programu iliuliza kwanza: kalenda ipi? Na umri usiolingana na mwanafunzi haukumfukuza mtu. Ulileta maneno haya: *Muulize mwenyewe kwanza.*

Asubuhi, bendera ilipopanda, Lelise alisimama mbele ya wenzake. "Bontu hakudanganya. Mimi sikukagua vizuri, na nilipogundua nikanyamaza."

"Shikamoo, bibi Bontu!" mvulana mmoja akapaza sauti. Wakacheka. Bontu hakucheka, ila jioni ile alirudi mazoezini.

Jumamosi Dinknesh alisimama kwenye uzio, kanga ya mabegani ameikunja ngumini. Baridi ya Bekoji ilikuwa kali. Bontu alipita pale aliposimama yule mvulana na wenzake, akageuza shingo.

"Marahaba!" akawajibu, akaongeza mwendo.

Alifika wa pili. Lelise alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mwalimu Tolosa akamshika bega. "Mwaka unaweza kuandikwa sawasawa na bado usiwe wa kweli. Kompyuta haina aibu, wewe unayo. Ndiyo maana kuungama ni kazi yako."

Nanyi watoto mnaosoma haya, epukeni:

Kuridhika kwamba tarakimu ni nne, bila kuuliza ni za kalenda gani.

Kujaribu programu kwa majibu yako tu. Mpe na mwenzako aandike kama anavyoandika kwao.

Kuisingizia mashine kosa lako.

Kunyamaza kwa sababu umeshapigiwa makofi.

Na kubeba maneno ya foleni kabla hujamuuliza mwenyewe. Hili waambieni na mama zenu.