Uso wa Mama Wakati wa Kuvaa

Mama yangu ni fundi cherehani, nami nimerithi kazi yake. Kabla ya kupata kiharusi alikuwa na maneno kuliko redio. Sasa hasemi hata moja, na mkono wake wa kushoto umelegea.

Kila asubuhi mimi na kaka tulimvalisha gauni. Magauni yake aliyashona mwenyewe, yana mikono mirefu ya kubana. Tulianza na mkono mzima, kisha tukauvuta ule mlegevu upite. Hapo mama alitusukuma. Mimi alinizaba kofi.

"Hata bila ulimi anagomba," kaka alisema. Mungu anisamehe, nilicheka.

Siku moja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani alitukuta katikati ya mvutano huo. Akaweka mkoba chini.

"Mnapomvalisha mnaangalia nini?"

"Gauni," nikajibu.

"Angalieni uso. Taratibu, dada, usivute."

Nikaangalia. Paji la uso la mama lilikunjamana, meno yakaumana. Pumzi zikawa fupi fupi. Vidole vya miguu vilijikunja, na mkono mzima ukaenda kulikinga bega la kushoto. Nilipoacha kuvuta, uso ukalainika.

"Kumbe anaumia," nikasema. Machozi yalinitoka.

"Bega hilo. Na amewaambia kila siku," alisema muuguzi. "Mtazameni akiwa ametulia, kisha mtazameni mkimgeuza. Nitamwomba daktari dawa ya maumivu; andikeni mnachoona, ajue kama inamsaidia."

Akatuonyesha namna. Katika kuvaa, mkono mgonjwa hutangulia. Katika kuvua, huwa wa mwisho. Hauvutwi, hubebwa. Siku hiyohiyo daktari akamwandikia mama dawa ya maumivu.

Jioni nilifumua gauni kuanzia ubavuni mpaka mkononi, nikatia vifungo. Asubuhi tukamvalisha. Hakusukuma mtu. Mwezi mzima mwili ule ulikuwa ukisema nasi, nasi tuko palepale, hatusikii.

Mara akakunja uso. Nikatazama: bega limetulia, miguu imenyooka, pumzi ni zilezile. Nikafuata macho yake. Kidole chake kilikuwa juu ya kifungo cha tatu, nilichokishona kombo.

"Haumii," nikamwambia kaka. "Ameona kazi mbovu."

Nikachukua sindano, nikakaa mbele yake, nikakishona upya. Mama akakipapasa. Uso wake ukalainika.