Jasho la Nataq

Siku hiyo tulikula samaki mbichi aliyeganda, sakafuni, juu ya boksi lililokunjuliwa. Tulikuwa watatu: mdogo wangu Nataq, mkewe Maata, na mimi dada mtu, Siaja. Jua lilikuwa halijachomoza kwa majuma mengi. Mchana ulileta mwanga mdogo wa kijivu, basi. Nje, barafu ya bahari ilikuwa inalia, mlio mrefu wa chini, kama mtu anayeguna usingizini.

"Nyama ya sili imeisha," alisema Maata. "Mkirudi kutoka kuwinda mikono mitupu tutakula nini? Maboksi?"

"Anayetuchelewesha ni mumeo," nikamjibu. "Wifi, hebu mtazame anavyovaa!"

Nataq alivaa fulana mbili za pamba. Juu yazo akavaa sweta, halafu jaketi la pamba, halafu koti zito la dukani, halafu koti jingine. Chini alivaa jinzi iliyombana. Miguuni alivaa soksi tatu tatu. Buti zilikataa kuingia, naye akazilazimisha.

"Loo! Umekuwa pipa!" nikamcheka.

"Cheka tu, dada. Wewe hukupewa jina nililopewa mimi."

Jina la Nataq lilikuwa la baba yetu mkubwa, aliyefia barafuni. Walimkuta karibu na tundu la sili, mnyama wa baharini tunayemwinda. Koti lake lilikuwa kando, glavu kando, shati limefunguliwa vifungo. Theluji yote pale haikuwa na nyayo za mtu mwingine. Tangu siku hiyo watu walinong'ona kwamba yuko mmoja anayetembea kwenye barafu, na kazi yake ni kuvua watu nguo. Hakuna aliyethubutu kumtaja kwa sauti.

Mdogo wangu alizaliwa baadaye, akapewa jina hilo. Kwetu jina huja na watu wake. Kwa hiyo mjane wa marehemu, Mama Ulaayuk, jirani yetu, alimwita "mume wangu" tangu akiwa mchanga. Watoto wenzake walimtania mpaka akalia. Lakini mama huyo alimpenda kupita kiasi. Alimshonea hata nguo za ngozi ya kulungu wa kaskazini, makoti mawili na suruali mbili. Nguo hizo zilikuwa zimetundikwa ukutani, juu ya hita.

"Vaa zile za ngozi," nikamwambia.

"Marehemu naye alivaa ngozi. Zilimsaidia nini?"

Tukatoka.

Tulipanda pikipiki ya theluji na kuvuta sleji nyuma, gari la kuburuza lisilo na magurudumu. Njiani tukakuta matuta ya barafu. Sleji ikanasa. Nataq akasukuma, akavuta, akainua. Mvuke ulimtoka shingoni.

"Fungua koti upoe!" nikapiga kelele.

"Nikifungua baridi itaingia!"

"Ah, haya bwana. Kichwa ngumu!"

Tulifika kwenye matundu ambayo sili huja kupumulia. Kazi hiyo haitaki haraka. Unasimama juu ya tundu, unainama, hutikisiki, hukohoi. Nataq alichukua tundu moja, mimi nikachukua jingine, mbali kidogo. Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Nilisikia moyo wangu, na chini ya miguu, maji.

Kisha nikasikia mtu anaongea.

Nikageuka. Nataq alikuwa amesimama wima, anazungumza na mtu upande wake wa kushoto. Alikuwa anatabasamu. Koti moja lilikuwa limelala kwenye theluji, na alikuwa anahangaika na vifungo vya la pili.

"Nataq! Unafanya nini?"

"Nasikia joto, dada. Joto kali." Ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Na huyu hapa anasema nivue."

"Nani?"

Akanyoosha kidole. Hapakuwa na mtu. Nilitaka kukimbia, nasema kweli, nilitaka kumwacha na kukimbia. Lakini ni mdogo wangu. Nikamrukia. Mkono wangu ulipoingia ndani ya nguo zake, fulana ilikuwa imelowa chapachapa, na pindo lake limekuwa gumu kama ubao. Nikamvua ile iliyolowa, nikamvika sweta yangu ya akiba ya sufu, nikamfunga kwenye manyoya ya kulalia juu ya sleji. Njia nzima alihangaika atoke. Njia nzima sikuangalia nyuma.

Tulipofika, Maata alipiga yowe. Akaanza kumsugua mikono mumewe.

"Acha! Usimsugue!" Mama Ulaayuk alikuwa ameingia bila hodi. "Mlaze taratibu. Toa kila kilicholowa. Blanketi kavu, kichwa kifunikwe. Akiweza kumeza vizuri, chai ya moto yenye sukari. Siaja, kamwite muuguzi. Mbio!"

Muuguzi alikuja, akakaa naye mpaka akaanza kutetemeka. Akasema kutetemeka ni dalili njema, mwili umeamka. Hapo ndipo Maata alipoweza kukaa chini.

Kesho yake Nataq alikuwa amejiegemeza ukutani, uso umemshuka.

"Nilimwona, mke wangu," alimwambia Mama Ulaayuk. "Yule wa barafuni. Kachukua wa kwanza, sasa ananitaka mimi."

Mama Ulaayuk hakucheka. Aliokota ile fulana ya pamba iliyokuwa bado imelowa, akaiweka mapajani kwake.

"Mume wangu alipoletwa nyumbani, mimi ndiye niliyemwosha," alisema. "Koti lake la ngozi lilikuwa zima. Ndani alikuwa na shati la pamba, jipya. Lilikuwa barafu tupu. Alivuta sleji kwa mbio, akatoka jasho, kisha akasimama kusubiri sili. Shati hilo nilimnunulia mimi. Nilitaka apendeze."

Akaiweka ile fulana sakafuni.

"Sasa nisikilizeni. Baridi ikimzidi mtu sana, akili inapotea. Anaona watu, anasikia sauti. Mwishoni mwili unamdanganya kwamba unaungua, naye anavua nguo. Muuguzi anajua hilo, na mimi nimejifunza kwa machozi. Kama yuko mwingine huko nje, mimi sijui. Lakini kilichomvua mume wangu nguo ni jasho."

"Ndiyo maana nilivaa nyingi!" Nataq alilalamika.

"Nyingi na za kubana! Joto linakaa kwenye hewa iliyo kati ya nguo na nguo. Ukijibana hewa inakaa wapi? Na miguu uliyoisonga damu itapita wapi? Pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto. Iache nyumbani. Kwenye ngozi vaa sufu nyepesi, au koti langu la ndani, manyoya yakitazama mwili. La nje, manyoya yatazame nje. Makoti yawe mapana. Ukifanya kazi, vua la nje au legeza shingo kabla jasho halijatoka. Ukisimama, lirudishe kabla baridi haijakupata. Soksi kavu weka akiba kifuani."

Akainua macho ukutani, akashtuka.

"Na nani kaniwekea ngozi zangu juu ya hita?"

"Mimi, mama," Maata alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka ziwe na joto."

"Unazipika, mwanangu! Manyoya yatapukutika yote. Ngozi inakaa barazani, kwenye baridi. Na akirudi, kung'uta theluji kwa fimbo kabla hajaingia, isije ikayeyuka ikalowesha."

Alikaa nasi siku kadhaa, akashona upya palipoharibika. Nataq alipopona alijaribu nguo zile. Akashangaa wepesi wake. Maata akasema sasa angalau anaweza kumkumbatia mumewe bila kukumbatia pipa.

Tulirudi barafuni mimi na Nataq. Kwenye matuta alivua koti la nje, akavuta sleji polepole, tukapumzika mara nyingi. Kabla ya kusimama kwenye tundu akalivaa tena. Alisubiri sana. Alimpata sili mmoja mnono.

Tukiwa tunafunga mzigo, upepo ukaja. Theluji ilipaa, hatukuona hata pikipiki yetu. Tukakata matofali ya theluji, tukajenga kibanda kidogo, tukaingia. Tulikula mafuta ya sili na kungoja.

Ndipo tukaisikia. Sauti nje, karibu na ukuta, inaita polepole. "Nataq... Nataq..."

Mdogo wangu alinishika mkono. "Dada, unasikia?"

"Nasikia." Na nilisikia kweli. Mpaka leo siwezi kusema ulikuwa upepo, wala siwezi kusema haukuwa upepo.

"Ananiita nitoke."

"Tia mkono kifuani kwanza. Pakoje?"

Akaingiza mkono ndani ya manyoya. Akaupapasa mwili wake kwa muda. Nilimtazama midomo.

"Pakavu," alisema. "Na joto ni la kawaida tu. Sina haja ya kuvua kitu."

"Basi kaa."

Akakaa. Sauti iliita tena, ikazunguka kibanda, ikaita. Nataq alibadilisha soksi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, damu inapita vizuri. Sauti ilikoma kabla upepo haujakoma.

Upepo ulipotulia tulifunga safari, na tulipoingia kijijini watu walikuwa wamesimama barazani kwetu. Maata alikimbia akamwangukia mumewe, analia na kumtukana kwa pamoja. Mama Ulaayuk alikuwa nyuma yao. Hakuuliza habari za sili, wala za pikipiki. Alimpita kila mtu, akaingiza mkono wake mkavu wa uzee chini ya koti la Nataq, akaubandika kifuani pake.

"Hujalowa," alisema.

"Sijalowa hata kidogo."

Mama yule alikaa palepale kwenye theluji akalia kwa sauti, na sisi tukamwacha alie mpaka ashibe.