Swali la Baba Stanislas

Zamani, nyumbani kwa Baba Stanislas, mfanyakazi wa reli, bukari, yaani ugali, haikuliwa kimya. Mtoto akisema jambo lolote, baba alimega tonge na kuuliza, "Unajua namna gani?" Dorcelle, binti yake, alikuwa akikunja uso na kula upesi ili ayakimbie maswali.

Sasa Baba Stanislas ni marehemu. Dorcelle anaishi mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, na mumewe Rodrigue na binti yao Lydie. Meza ni ileile ya baba. Maswali tu ndiyo yaliyopotea, na siku nyingine Dorcelle huyakumbuka.

Majira ya baridi, shangazi Céline, dada wa marehemu, alikuja kutoka Mokambo. Alilala chumba kimoja na Lydie. Asubuhi Lydie aliamka akitapika, kichwa kinamuuma. Mwaka jana shangazi alipokuja, ilikuwa vilevile.

Rodrigue alipiga kelele. "Huyu mama iko mulozi! Kila akikuya, mutoto anagonjwa. Leo anarudia kwake!"

Shangazi alianza kufunga mizigo yake, machozi yakimtoka.

Jirani yao, Papa Anselme, alisikia kelele akaingia. Alikuwa mwalimu wa falsafa, na zamani alibishana na Stanislas jioni nzima mpaka chai ikapoa.

"Rodrigue, mwanangu, unajua namna gani?"

Dorcelle alishtuka. Ni kama baba yake alikuwa amerudi mezani.

"Papa, si tunaona? Akikuya, mutoto anagonjwa."

"Bon. Na akikuya, kitu gani ingine inabadirika mu nyumba?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Dorcelle?"

Dorcelle alifikiri. "Tunamuwekea mbabula, jiko ya makala, mu chumba. Baridi inamusumbua."

"Na dirisha?"

"Tunafunga."

"Tantine Céline, weye ulilala muzuri?"

"Kichwa inaniuma sana," alisema shangazi. "Niliogopa kubasumbua."

"Rodrigue, mulozi anajiloga yeye mwenyewe?"

Rodrigue aligeuka kumtazama shangazi.

"Makala ikiwaka mu chumba ya kufunga, inatoa gesi ya sumu," alieleza Papa Anselme. "Hauioni, hainuke. Inaweza kuua bantu mu usingizi. Fungua dirisha, upeleke bote wawili kwa docteur sasa hivi. Na siku ingine, mbele ya kushitaki muntu, uliza: ninajua namna gani? Kuko sababu ingine? Nitapima namna gani?"

Walikwenda hospitali, wakatibiwa. Rodrigue alimwomba shangazi msamaha, akampa blanketi lake zito. Tangu siku hiyo mbabula hulala nje. Shangazi alibaki mpaka baridi ikaisha, na Lydie hakutapika tena.

Siku moja walikuwa wakila.

"Mwaka huu mvua itakuya mbio," alisema Rodrigue.

Lydie alimega tonge. "Unajua namna gani, papa?"

Shangazi Céline aliinua macho. Dorcelle alicheka huku machozi yakimtoka. Jinsi alivyotamani baba yake asikie!

Rodrigue akaweka tonge chini, akaanza kujibu.